Mizani ya Viazi Saa Tisa Usiku: Kisa cha Mkimbiaji Aliyelemewa na Maji

Mkimbiaji ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Mbeya mjini. Hana kisukari wala shinikizo la damu, na hajawahi kulala hospitali ila kwa kujifungua. Ni mzoefu wa marathoni za lami na wa mbio ndefu za milimani. Mwezi Julai alianza safari ya maili 100, yaani kilomita 161, kutoka chini ya mlima Loleza akilenga kumalizia Chimala. Saa nane usiku, akiwa ameshaiacha Isyonje na kushika njia ya Kikondo, aliketi juu ya magunia ya viazi kando ya barabara, akamtazama kijana aliyekuwa akimsindikiza tangu Uyole na kumuuliza: "Samahani, wewe ni mzazi wa nani?"

Ameruhusu kisa chake kiandikwe bila jina. Nitamwita Mwalimu, kama tunavyomwita sote. Mimi ni tabibu, na usiku ule nilikuwa kwenye pikapu ya huduma. Wenzangu wa jogging klabu wameniomba niandike uchambuzi kwa sababu mjini kila mtu ana jibu lake. Kuna wanaosema alikosa maji, wengine wanailaumu baridi ya Kitulo, na wako wanaosema hizo mbio si za wanawake. Hawa wa mwisho niwajibu mara moja tuendelee: mwaka 2017 Courtney Dauwalter, mwanamke wa Marekani, alishinda mbio za Moab 240, maili zaidi ya 200 katika jangwa la mawe la Utah, akiwaacha wanaume wote nyuma. Majibu mawili ya mwanzo yanastahili kuchunguzwa, maana hilo la kwanza lilikaribia kumuua.

Njia na mpango

Hayakuwa mashindano. Tulikuwa watu wachache wa klabu, pikapu moja, vijana wa kusindikiza na sufuria. Fikra ya maili 100 tuliichukua Marekani. Huko kulikuwa na mbio za farasi za Tevis Cup katika milima ya Sierra Nevada, maili 100 ndani ya siku moja, na mwaka 1974 Gordy Ainsleigh akaipita njia ile kwa miguu yake kwa saa 23 na dakika 42. Hapo ndipo yalipozaliwa mashindano ya Western States. Baadaye yakaja ya Rocky Mountains katika jimbo la Colorado: Leadville mwaka 1983, ambayo mkimbiaji anavuka Hope Pass penye mita zaidi ya 3,800, na Hardrock mwaka 1992, yanayofuata njia za zamani za wachimba madini kuzunguka Silverton na kupanda Handies Peak, karibu mita 4,285. Hardrock inampa mtu saa 48, na anayemaliza habusu utepe, anabusu jiwe. Jiwe lile lilitupendeza sana, tukalizungumza kwenye mazoezi mwaka mzima.

Mawe tunayo. Tulianza saa kumi alfajiri kuipanda Loleza, mita 2,656, tukafuata mgongo wa mlima hadi Kilele cha Mbeya, mita zaidi ya 2,800, kisha tukateremka upande wa Mbalizi. Aliyepita huko anajua kwamba neno kukimbia halina kazi. Kuna majabali ya kukwea kwa mikono, changarawe inayoteleza chini ya kiatu, na majani marefu yanayoficha mashimo. Kutoka Mbalizi njia inapita pembezoni mwa jiji hadi Uyole, inapanda Uporoto katikati ya mashamba ya viazi, inazunguka upande wa msitu wa Ngozi na kutokea Isyonje. Kilichobaki kilikuwa Kikondo, uwanda wa Kitulo wenye mita kama 2,600, Matamba, halafu kuteremka zile kona hamsini na saba hadi Chimala.

Mpango wa kunywa uliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kioo cha pikapu: robo tatu ya lita kila saa, mwanzo hadi mwisho, uwe na kiu au usiwe nayo. Karatasi hiyo aliileta mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya mazoezi Dar es Salaam, na kwa mtu anayekimbia Dar mwezi Februari haina ubaya mkubwa. Jambo jingine lililoigwa ni kupima uzito. Kwa miaka mingi Western States iliwapima wakimbiaji kabla ya kuanza, uzito ukaandikwa kwenye kikanda cha mkononi, na vituoni wakapimwa tena. Sisi tulipima jioni ya kuamkia safari, kila mtu akiwa na viatu na fulana yake ya mizigo bila maji, tukaandika kwa maka kwenye utepe wa plastiki. Mwalimu: 56. Kisha mizani ikarudishwa dukani ilikoazimwa. Mbalizi, Uyole na Isyonje hapakuwa na mizani. Tuliiga kuandika, kupima tena tukakuacha.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Kipande cha mlima kilitengewa saa sita. Mwalimu alifika Mbalizi saa saba mchana, baada ya mwendo wa saa tisa. Kilichomchelewesha ni mteremko. Misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki unapoteremka, inajinyoosha huku inavuta, na juu ya mawe yasiyotulia kila hatua ni breki ya ghafla. Goti la kulia lilianza kuuma kabla hajaufikia usawa wa mashamba ya kahawa. Pale Mbalizi akameza kidonge cha maumivu, diklofenaki ya miligramu 50, kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe. Uyole akameza cha pili, Isyonje cha tatu.

Uyole alifika saa kumi na moja jioni akicheka. Msindikizaji aliyempokea pale ni dereva wa bodaboda na mkimbiaji mzuri, na ni mtu wa kuangalia vitu vidogo. Yeye ndiye aliyetupa sehemu kubwa ya ushahidi huu. Anasema Mwalimu alilegeza mkanda wa saa tundu moja pale Uyole, na Isyonje akaulegeza tena. Alijaribu kuvua pete ya ndoa, ikagoma. Viazi vya chumvi alivikataa tangu magharibi, akawa anakula ndizi, biskuti na glukosi tu. Chupa hakuziacha, kwa sababu karatasi ilisema hivyo na yeye ni mtu wa kufuata ratiba. Haja ndogo ya mwisho msindikizaji anayoikumbuka ilikuwa pale Uyole, kabla ya giza.

Isyonje, karibu saa sita usiku, alitapika. Yalitoka maji matupu, meupe. Watu wa kituo wakafanya ambalo karibu kila mtu angelifanya: ametapika, basi arudishiwe. Akapewa lita nzima ya ORS, yale maji ya chumvi na sukari wanayopewa wanaoharisha, akainywa yote kwa utiifu. Kichwa kilimuuma. Baada ya hapo akawa anatembea akiyumba, anajibu maswali kwa kuchelewa, na saa nane akaketi kwenye yale magunia.

Pikapu ilikuwa imetangulia kuelekea Kitulo, na simu huko hushika mtandao inapotaka. Mlinzi wa ghala la viazi, mzee aliyejifunika blanketi mbili, alimtuma kijana wake akamwamshe muuguzi anayeishi jirani. Mpaka sisi tunafika, saa tisa kasoro, sista alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mgonjwa na tochi mdomoni.

Dhana zilizokuwa mezani

Nilimkuta sista ameshamaliza vipimo vya malaria na sukari. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa hasi. Sukari ilikuwa 5.9, ya kawaida kabisa, kwa hiyo njaa nayo ikaondoka. Presha 118 kwa 74. Mapigo 92, yamejaa.

Baridi ilistahili kufikiriwa kwa uzito, kwa sababu Julai katika nyanda zile umande huganda ukawa sakitu nyeupe asubuhi, na mtu aliyechoka akisimama anapoteza joto upesi. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, kuchanganyikiwa na kuyumba ni dalili zake hasa. Lakini kipimajoto cha kwapani kilisoma 36.2, viganja vyake vilikuwa vya moto kuliko vyangu, na alikuwa amevaa vizuri. Baridi haikumwangusha. Ilichangia kwa njia nyingine, nitaieleza.

Mwinuko? Maradhi ya mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia mita 2,500 hivi, na dalili zake, kichwa na kichefuchefu, zinafanana na hizi. Mwalimu analala kila siku kwenye mita 1,700. Alfajiri ile ile alikaa saa kadhaa juu ya mita 2,600 bila hata kichwa kumgonga, na alipoanza kutapika alikuwa chini zaidi ya hapo. Sikuliona hilo kuwa jibu.

Usingizi hukoroga akili za wakimbiaji wa maili 100. Baadhi ya wanaokesha huona watu na wanyama wasiokuwepo. Usingizi haubani pete.

Ikabaki dhana ambayo kila aliyekuwepo aliiamini: ameishiwa maji. Dereva wetu alikuwa ameshafungua chupa nyingine. "Mpe, mpe, midomo imemkauka." Ni kweli midomo ilikuwa imekauka, upepo wa Uporoto hukausha midomo ya kila mtu. Sista naye alikuwa ameandaa dripu, mfuko wa nusu lita ya saline, yaani maji ya chumvi ya kuingiza kwenye mshipa, sindano ikiwa tayari. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani lilitokana na miaka yake ya kliniki ya wajawazito. Aliteremsha soksi ya Mwalimu, akabonyeza mfupa wa ugoko kwa dole gumba, akahesabu kimya kimya, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Akaitazama pete iliyozama kwenye kidole.

"Dokta, huyu angekuwa na mimba ningeshamwandikia rufaa," aliniambia. "Jana alikuwa na kilo ngapi?"

Nikasoma utepe. Hamsini na sita.

"Mzee, shikamoo tena," akamgeukia mlinzi. "Mizani yako ya magunia inafanya kazi?"

Mzee alisema mizani ni ya wanunuzi, yeye haiamini, na alikuwa na sababu zake, maana mkulima wa viazi nyanda za juu ana historia ndefu na mizani na lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi. Kwa hiyo tuliijaribu kwanza. Ndani ya ghala kulikuwa na mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ukawekwa juu, mizani ikasoma 50. Tukamvua Mwalimu koti, tukamwaga maji yote ya fulana, tukamsimamisha kwa kumshika bila kumbeba. 58 na nusu. Tukatoa nusu kilo kwa tope la viatu, ikabaki 58.

Kilo mbili zaidi ya jana, baada ya saa 22 za milimani.

Kwa nini kilo mbili ni tatu

Mtu anayekwenda mwendo wa saa nyingi anatakiwa kupungua hata kama maji yake yako sawa. Anachoma mafuta na sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, na sukari hiyo huhifadhiwa pamoja na maji, ambayo hufunguliwa inapochomwa. Kupungua asilimia mbili hivi ni kawaida tu. Kwa hiyo mtu wa kilo 56 aliyefika kilomita 95 akiwa na kilo 56 zile zile tayari amezidisha. Mwalimu alitakiwa awe na 55 au chini kidogo. Maji ya ziada mwilini mwake yalikuwa kama lita tatu.

Hesabu ya chupa inakubaliana na mizani. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nane usiku ni saa nane, na kwa robo tatu ya lita kila saa ni lita sita. Mchana juu ya mawe, juani, mwili uliweza kuyatoa kwa jasho. Jua lilipozama Uporoto jasho likakauka. Hapo ndipo baridi ilipochangia: ilifunga mlango wa kutokea maji huku karatasi ikiendelea kuamuru yaingie. Tukikadiria jasho na mvuke wa pumzi kwa ukarimu, alitoa nusu ya alichokunywa.

Swali la haki ni hili: figo zilikuwa wapi? Mtu mzima akinywa maji mengi amekaa barazani, anakojoa, basi. Lakini mwili unaoteseka hutoa homoni iitwayo vasopresini, inayoziamrisha figo zisiachie maji. Kazi ngumu ya muda mrefu huiamsha, maumivu pia, na kichefuchefu huiamsha sana. Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni huongeza nguvu ya amri hiyo kwenye figo, mbali ya kupunguza damu inayofika kwenye figo zenyewe. Mwalimu alikuwa na yote manne kwa wakati mmoja. Ndiyo maana hakukojoa tangu Uyole, na ndiyo maana kukosa mkojo, ambako wote tulikusoma kama dalili ya kukauka, safari hii kulikuwa na maana ya kinyume.

Maji yakibaki ndani, sodiamu ya damu inazimuka. Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Ikishuka, maji hupenya kwenye seli na kuzivimbisha. Kidole kikivimba hubana pete, haina neno. Ubongo uko ndani ya fuvu, hauna pa kutanukia, na kuanzia hapo ni kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, kupoteza fahamu. Watu wamekufa hivi kwenye mbio.

Elimu hii imeanzia kwetu Afrika. Timothy Noakes, daktari wa Afrika Kusini, aliripoti mwaka 1985 wagonjwa wa kwanza wa namna hii, baadhi yao kutoka Comrades, zile mbio za karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg zilizoanza mwaka 1921. Wengi walimpinga kwa miaka, kwa sababu ushauri wa enzi hizo ulikuwa kunywa kadiri uwezavyo kabla ya kiu. Kisha watafiti wakapima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza Boston Marathon ya 2002, na asilimia 13 wakakutwa sodiamu iko chini ya 135. Walioongezeka uzito na waliokaa njiani muda mrefu ndio waliokuwa hatarini zaidi. Huyo ndiye Mwalimu: mwili mdogo, mwendo wa taratibu, saa nyingi, chupa haipumziki.

Chanzo cha yote ni mawe

Hapa natofautiana na wenzangu kadhaa wanaosema kosa ni lita ya ORS ya Isyonje. Lita ile ilizidisha, lakini mlolongo ulianza juu, kwenye mgongo wa Loleza. Mteremko wa mawe uliumiza paja na goti. Goti likaleta diklofenaki. Goti hilo hilo likapunguza mwendo, na mwendo ukipungua saa zinaongezeka, na karatasi yetu ilihesabu saa, haikuhesabu kilomita wala jasho. Mkimbiaji mwepesi wa kundi letu alifuata karatasi ile ile na hakupata neno: yeye alipita Isyonje kabla ya magharibi, akiwa bado anatoka jasho. Kanuni moja ilimfaa aliye mbele na kumzamisha aliye nyuma.

Na hiyo ORS. Watu huidhani ni chumvi ya kuokoa. Fomula ya sasa ya Shirika la Afya Duniani ina milimoli 75 za sodiamu kwa lita, nusu tu ya ile ya damu. Kwa mtoto anayeharisha ni dawa bora kuliko zote. Kwa mtu ambaye figo zake zimefunga na damu yake imeshazimuka, lita ya ORS bado inaongeza maji kuliko inavyoongeza chumvi.

Dripu ya saline ina mtego unaofanana. Ina milimoli 154, kwa karatasi iko juu ya damu, na ndiyo iliyojaa kila zahanati. Lakini wakati vasopresini iko juu, figo zinaweza kuitoa chumvi kwa mkojo mzito na kuyabakisha maji. Sista aliirudisha sindano kwenye begi. Namheshimu sana kwa hilo, maana kumwekea mgonjwa dripu mbele ya watu wanaosubiri uifanye ni rahisi, kuacha ni kazi.

Tulichofanya

Tulisimamisha kila kinywaji. Katika hali hii, mgonjwa asiyeweza kumeza, au aliyeanza degedege, anahitaji maji ya chumvi ya asilimia 3 kwenye mshipa, mililita 100 kwa haraka, na yanaweza kurudiwa hadi mara mbili. Hiyo ni kazi ya hospitali, na asubuhi ile ilikuwa mbali. Mwalimu alikuwa anameza na anaitikia akiitwa. Mapendekezo ya wataalamu waliokutana Carlsbad, California, mwaka 2015 yanaruhusu kwa mtu wa namna hiyo kitu cha chumvi nyingi katika maji machache. Mke wa mlinzi alikuwa na vile vipande vya supu vinavyouzwa dukani. Vinne, katika nusu kikombe cha maji ya moto. Funda la kwanza lilirudi. La pili likakaa, na yaliyofuata.

Niseme wazi kwamba sijatoa hapa dawa ya kila mkimbiaji anayetapika. Mtu aliyekauka kweli, aliyepungua kilo nne kwenye joto la Chimala, ukimpa kikombe kile na kumnyima maji utamdhuru. Bila mizani, au bila pete na soksi za kusoma, huwezi kuwatofautisha wawili hawa kwa macho.

Tukamlaza kwa ubavu kwenye kiti cha nyuma cha pikapu, sista akapanda naye hadi mjini. Kabla ya Uyole aliomba gari lisimame, akakojoa sana, mkojo mweupe. Aliporudi kwenye gari akamwita msindikizaji kwa jina na kumuuliza kwa nini hawapo Kitulo. Sodiamu iliyopimwa hospitalini kulipopambazuka ilikuwa 128, na hiyo ni baada ya kupata nafuu. Pale kwenye magunia bila shaka ilikuwa chini zaidi. Kipimo cha figo kilikuwa kimepanda kidogo, kikatulia siku iliyofuata. Mkojo haukuwa wa rangi ya kola, ambayo ingemaanisha misuli iliyosagika imeanza kuziba figo, jambo ambalo mchanganyiko wa mteremko wa mawe na diklofenaki ungeweza kulileta. Aliruhusiwa baada ya siku moja.

Kinachobishaniwa bado

Karatasi ya kioo cha pikapu imechanwa, hilo halina mpinzani. Safari ijayo mtu anakunywa akiona kiu, na baada ya jua kuzama hakuna atakayekumbushwa chupa. Uyole na Isyonje patakuwa na mizani. Aliyeongezeka uzito anapumzishwa bila kinywaji mpaka akojoe. Aliyelegeza mkanda wa saa anaulizwa maswali. Kuhusu diklofenaki klabu imegawanyika. Mimi nataka ikatazwe kuanzia siku ya kuamkia safari hadi saa kadhaa baada ya kumaliza. Wengine wanasema mtu mzima ana mkoba wake na hatutampekua, na wanataka parasetamoli iruhusiwe angalau. Parasetamoli nimeikubali, kwa dozi ya kawaida.

Ubishi mkubwa ni wa njia. Nimependekeza tuigeuze: tuanzie Chimala, tupande kona hamsini na saba asubuhi miguu ikiwa mizima, tuvuke Kitulo mchana, na mawe ya Kilele cha Mbeya na Loleza yawe ya mwisho, ili anayeumizwa na mteremko awe amebakiza saa chache tu. Wenzangu wanajibu kwamba hapo tutakuwa tunawapeleka watu waliokesha kwenye majabali usiku wa pili, na kwamba kuteleza Loleza ni kubaya kuliko kuvimba vidole Kikondo. Mwalimu, ambaye ndiye mwenye kisa, anaunga mkono upande wao. Anasema mawe ayakute alfajiri, akili ikiwa timamu, na goti lake atalifanyia mazoezi ya kuteremka kila Jumamosi kuanzia mwezi ujao. Mkutano umeahirishwa mpaka tutakapoipita njia ya kinyume kwa miguu, taratibu, na mizani ndani ya pikapu.